Henning, Goli Liko Kule

Chumba cha Kufulia,
Klabu ya Calderthorpe Town.
Jumapili, 31 Mei

Kwako dada yangu Roswitha,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Unaendeleaje na hiyo nyonga mpya? Mwanao Henning ameniambia madaktari wamekuruhusu kutembea mpaka dirishani na kurudi, na kwamba tayari umeshagombana na muuguzi kuhusu kahawa. Nikasema basi huyo amepona. Msalimie sana mwalimu Anneliese, maana najua ndiye anayekusomea na kukutafsiria barua zangu. Mwambie asome polepole na asiruke kitu, hata pale atakapotamani kuruka. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka na magoti yananiuma kwa kurukaruka, mwanamke wa miaka sitini na nne.

Tumepanda, Roswitha! Tumeingia Ligi Kuu! Calderthorpe yetu hii yenye uwanja ambao mvua ikinyesha choo cha wanaume kinafungwa! Tangu jana nimeandika hayo maneno kwenye kila karatasi niliyoiona, mpaka kwenye orodha ya sabuni.

Najua uliona kwenye televisheni ya hospitali, lakini televisheni haioni kitu. Mimi nilikuwa Wembley penyewe, nimekalia kapu la jezi kwenye njia ya wachezaji, karibu kiasi cha kusikia wanavyotukanana. Mshambuliaji wetu Desmond alipotufungia lile goli dakika ya sabini nilimkumbatia polisi. Kisha ikaanza ile nusu saa ya mateso. Wapinzani wetu walitujaza kwenye boksi letu kama nguo kwenye mashine ndogo. Mwanao alikuwa anapiga kelele huku na huku, anavuta huyu, anasukuma yule, Kiingereza na Kijerumani vyote kwa pamoja, na wote wanamwelewa.

Dakika ya nne ya nyongeza, uliona? Kipa wetu alitoka akaukosa mpira. Goli tupu. Mshambuliaji wao akaupiga akaanza kushangilia kabisa, mikono juu. Mimi nikafumba macho. Nikasikia kishindo, nikafumbua, nikamwona Henning amelala ndani ya nyavu, amekumbatia nguzo ya goli, na mpira uko nje kule unaviringika kwenda zake. Aliutoa kwa ugoko, juu ya mstari! Na mbavu zikagonga chuma. Daktari anasema hakuna iliyovunjika. Mwanao anasema moja imevunjika lakini daktari asiambiwe kabla ya sherehe.

Basi hapo ndipo watu wetu elfu thelathini waliposimama, wakanyoosha vidole upande wa pili wa uwanja, wakaimba wimbo wake. "Henning, Henning, goli liko kule!" Waliimba mpaka filimbi ya mwisho. Mzee aliyekuwa jukwaani nyuma yangu, sijui ni nani, alikuwa anaimba huku analia, pai ya nyama imemwagikia kotini.

Wewe umeusikia wimbo huo mara nyingi ukidhani ni wa sifa tu. Mwanao hakukwambia ulikotoka, maana kwenye simu alikuwa anakwambia mazuri peke yake. Mimi nitakwambia.

Mechi yake ya kwanza hapa, miaka tisa iliyopita, tulicheza na Millbridge, majirani zetu, watu ambao mimi siwapi hata saa wakiniuliza. Dakika ya sita Henning akamrudishia kipa mpira kwa kichwa bila kutazama, na kipa alishatoka. Akajifunga. Wale wa Millbridge wakautunga wimbo papo hapo, wakimwonyesha kwa vidole goli liko wapi. Aibu yenyewe ingeishia hapo, lakini Jumamosi iliyofuata watu wetu wenyewe ndio waliouimba. Jumatatu akaenda kununua nyama, muuzaji akamnyooshea kisu mlangoni akamwambia, "Kaka, hapa ni buchani. Goli liko kule." Dereva wa basi naye akamwambia hivyo hivyo. Kasisi wetu, ambaye hata mpira haujui, akamwonyesha altare.

Siku moja akaja huku chumba cha kufulia, mrefu vile, ameinama asigonge bomba, akaniuliza amewakosea nini watu wa mji huu. Nikamwambia anachanganya mambo, huku kwetu wa kuhurumiwa ni yule asiyetaniwa. Nikampa mfano wa beki aliyekuwepo kabla yake, aliyecheza miaka miwili bila mtu kumwambia neno baya, na alipoondoka ilichukua wiki mbili watu kugundua. Akanisikiliza kwa adabu zake zile. Kisha akasema kwao mtu akikupenda anakwambia amekupenda, au ananyamaza na kukusogezea chumvi. Akatoka. Nilijua hakuniamini hata kidogo.

Nilikuwa nimeshampenda, Roswitha, nikwambie tu. Wachezaji ishirini na tano, na yeye peke yake ndiye aliyegeuza soksi zake upande wa nje kabla ya kuzitupa kapuni. Peke yake ndiye aliyeninyanyulia makapu. Wengine hawakujua hata jina langu, walidhani jezi zinajifua. Siku ikiwa mbaya alikuja kukaa hapa kwenye joto la mashine, ananisomea maneno ya kamusi, nami namsahihisha vibaya kwa lafudhi yetu. Ndiyo maana mpaka leo anaongea kama mchuuzi wa soko la Calderthorpe.

Kisha ikaja Februari, tukaenda Millbridge kwa mechi ya marudiano. Theluji pembeni, mpira wa rangi ya chungwa. Wakamwanzishia wimbo kabla hata hajagusa mpira. Na watu wetu nao wakaupokea, uwanja mzima sasa unamwimbia mtu mmoja. Mwanao akasimama. Akawageukia watu wetu, akaweka kiganja juu ya macho kama mtu anayetafuta nyumba, akauliza kwa mkono, "Wapi?" Mama yangu! Jukwaa lilipasuka. Watu wazima walianguka juu ya viti kwa kicheko. Elfu nne wakamwonyesha kwa vidole, naye akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kumpora mpira winga wa Millbridge kwa nguvu ambayo yule winga bado anaikumbuka. Tulishinda mbili bila. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumnunulia mtu mwingine bia kabla yake.

Mengine unayajua. Tuliposhuka daraja wenzake tisa walikimbia, yeye akabaki. Akavunjika pua mara mbili. Akapewa unahodha. Mechi mia tatu na arobaini na moja, ukiihesabu ya jana. Kule buchani sasa kuna soseji inaitwa kwa jina lake, ingawa yeye anasema si soseji, ni tusi.

Sasa nimefika mahali ambapo nilitaka kumaliza barua, na siwezi.

Jana baada ya kombe mtangazaji wa televisheni alimuuliza aliwezaje kuuvumilia mwaka wake wa kwanza. Labda ulimsikia. Alicheka, akasema hakuuvumilia, kwamba Januari ile aliandika barua ya kuomba kuondoka, akaisahau kwenye mfuko wa traksuti, mashine ya Bi Noreen ikaila. Akasema uzembe wake mwenyewe ndio uliomfanya awe hapo jana na kombe mkononi. Watu wote pembeni yangu walicheka na kunipiga mgongoni. Mimi sikuweza kucheka.

Si kwamba barua ile ilinipita bila kuiona, Roswitha. Mimi huwa napekua kila mfuko kabla sijafua, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita na sijawahi kufua hata tiketi ya basi. Niliikuta. Ilikuwa na jina la kocha juu na bahasha haikuwa imefungwa, na nikaisoma, Kiingereza chake kimenyooka kana kwamba kimepigwa pasi. Alikuwa anaomba ruhusa arudi kwenye klabu ya kwenu, ambayo ilishakubali kumchukua. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa kesho yake. Kocha alikuwa anaondoka mchana huo kwenda Uskoti kumtazama mshambuliaji, na ofisi yetu haikupokea ombi la namna hiyo ila kwa maandishi.

Nikaikunja, nikairudisha mfukoni, nikafunga mlango wa mashine, nikaiweka digrii sitini.

Alipokuja mbio kuitafuta nilimpa traksuti ikiwa imelowa. Alitoa uji wa karatasi mfukoni, akautazama. Halafu akaniambia, "Samahani, Bi Noreen, nimekuchafulia mashine." Aliniomba samahani mimi. Ilimchukua jioni tatu na kamusi kuiandika ile barua, na mwanao akiambiwa maandishi, ni maandishi. Kabla hajamaliza kuiandika upya, dirisha lilikuwa limeshafungwa.

Nilijiambia nimefanya kwa faida yake, kwamba anakimbia wimbo, na mtu akikimbia wimbo atakimbia kila kitu. Nilijiambia pia ni kwa ajili ya klabu. Uongo mtupu. Nilimtaka abaki kwa sababu nilikuwa sina mtu, na yeye alikuwa ananisomea kamusi. Hiyo ndiyo sababu yote.

Kisha mwaka uliofuata ukaja wewe, na nguo zako za msiba, ukakaa jikoni kwangu. Kwa Kiingereza chako cha kuungaunga ukanisimulia jinsi mumeo, mzee Eckhard, alivyosikia kwenye simu kwamba kijana anarudi, akaenda siku hiyo hiyo kukata tiketi za nusu msimu, viti viwili, safu ya nne, karibu na kona ambapo mabeki wa kati hupanda kupiga vichwa. Ukasema kifua chake kilikuwa hakiruhusu safari ya Uingereza, lakini uwanja wa kwenu ulikuwa dakika kumi kwa miguu. Mlikwenda mara mbili bila Henning kuwepo, akakwambia inatosha. Oktoba akafariki. Ulinisimulia ukitabasamu, ukaniongezea chai kwenye nyumba yangu mwenyewe, ukanishukuru kwa kumtunza mwanao. Nilikukatia keki.

Nilipaswa kukwambia siku ile. Nilipaswa kukwambia kila Krismasi ulipoleta biskuti. Nilikuwa naogopa kukupoteza wewe na yeye kwa pamoja, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuwa na kitu kikubwa cha kupoteza.

Jana nilimwambia yeye kwanza. Wenzake walikuwa wanarukia bafu la barafu na nguo zao, yeye alikaa juu ya kapu anafungua bandeji za kifundo. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Akaacha kufungua. Akaniuliza jambo moja tu, kama siku ile nilijua hali ya baba yake. Nikamwambia sikujua, lakini nimejua miaka yote iliyofuata. Nje walikuwa wanaimba jina lake. Mwishowe akasema yeye anafurahi kwamba alibaki, na hawezi kunidanganya kwamba hafurahi. Ila vile viti vya baba si vyake yeye kuvisamehe. "Mwandikie mama," akaniambia, "uandike wewe mwenyewe, mimi simwambii." Kisha akashika upande mmoja wa kapu, mbavu zake zile, nami nikashika upande wa pili, tukalipeleka kwenye basi.

Kwa hiyo nimekuandikia. Nilikunyima mwanao, na nilimnyima mzee Eckhard jambo alilolingoja, kisha nikala biskuti zako miaka saba. Naomba unisamehe. Usiponisamehe sitashangaa, na wala sitamtuma Henning aje kunisemea.

Ndani ya kifurushi hiki kuna jezi yake ya jana. Niliitoa kwenye lundo kabla ya kufika hapa. Ina majani kifuani na rangi nyeupe ya ile nguzo ubavuni, na ina jasho lake. Nimezoea kufuta kila kitu anachofanya kabla hakijakauka, hii sikuigusa. Kuifua au kuiacha, uamuzi ni wako.

Nakutakia mguu mwepesi na usingizi mzuri. Mwalimu Anneliese naye nampa pole kwa kazi niliyompa leo.

Ni mimi, ambaye bado anatamani kukuita dada,

Noreen Sugden