Manjano ya Ngazi za Murugan

Velankunru, 9 Januari 1994

Mwanangu Thangavel,

Pokea salamu na baraka zangu. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanalalamika kuliko mimi. Wewe hujambo? Unakula vizuri huko Maskati?

Nyani wameshuka mlimani wakamaliza mapapai yote. Tangu baba yako atutoke mwezi wa Juni, hakuna wa kuwarushia kandambili. Ndoo yake ya shaba bado iko mlangoni na manjano ndani yake, kama alivyoiacha. Unakumbuka alivyomwahidi mungu wetu Murugan: mwanangu akipata kazi, nitapaka manjano kila ngazi ya mlima wako kwa mkono wangu, kutoka chini mpaka mlangoni pa hekalu lako. Kazi ukapata, naye akawa anasema kesho, kesho. Nadhiri hiyo sasa ni yetu.

Mama yako

Maskati, 2 Februari 1994

Mama mpendwa,

Nagusa miguu yako. Mimi sijambo, na chakula nakula, usijali.

Nimepata likizo mwezi wa Machi. Nyingine ni baada ya miaka miwili, na magoti yako hayatangoja. Tupande pamoja, wewe upake manjano, mimi nikufuate na unga mwekundu wa ibada, tuimalize nadhiri ya Baba. Kandambili za nyani nitaleta mpya.

Mwanao Thangavel

Velankunru, 20 Februari 1994

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku wazima. Barua yako nimemsomea jirani yetu Pechiammal mpaka akaniambia basi, nimesikia, anakuja.

Lakini ng'ambo imekusahaulisha? Nyumba iliyofiwa haipandi mlima wa mungu mpaka mwaka utimie. Bibi yako alipofariki, baba yako alikaa chini mwaka mzima. Kila jioni alisimama mbele ya ngazi ya kwanza, viganja vimeunganishwa juu ya kichwa kama anayesali, akipaza sauti: "Wewe Murugan! Mimi nimekatazwa kuja. Wewe una tausi wa kukubeba, shuka basi!" Watu walikuwa wakicheka.

Njoo tu. Mlima haukimbii.

Mama yako

Maskati, 6 Machi 1994

Mama,

Natumaini u mzima. Mlima haukimbii, lakini kwa magoti hayo, tukingoja likizo nyingine hutaupanda tena. Tutapanda alfajiri, nani atatuona? Naja wiki ijayo.

Thangavel

Maskati, 5 Aprili 1994

Mama mpendwa,

Nagusa miguu yako. Nimefika salama. Achari ya ndimu imevuja kwenye begi, na mashati yote yananukia kama jikoni kwako. Sijayafua.

Nisamehe kwa kununa. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kupanda ngazi kadhaa, nikageuka kukuita. Ulikuwa umesimama pale chini, viganja vimeunganishwa juu ya kichwa. Sikushuka kwa sababu ya mwaka, Mama. Nilishuka kwa sababu ulisimama pale pale aliposimama Baba. Nami nikaja kusimama kando yako, na Pechiammal akasema, "Maskini tausi, sasa ana familia nzima ya kubeba!"

Lakini nani atapaka ngazi sasa?

Mwanao Thangavel

Velankunru, 3 Julai 1994

Mwanangu Thangavel,

Baraka zangu zikufikie. Mwaka umetimia, nami nimepanda.

Nilipanda kwa makalio, kama mtoto anayejifunza ngazi. Nakaa, napaka ngazi iliyo chini yangu, najivuta juu. Pechiammal alibeba ndoo na unga mwekundu. "Murugan hajawahi kuona mtu anamjia kinyumenyume," akasema. Nikamwambia, "Ananijua huyu, hata mgongo wangu anaujua." Magoti yalinyamaza kwa mshangao.

Katikati, penye jiwe alilopenda kupumzikia baba yako, niliona chokaa ya tambuu, pale alipozoea kufutia kidole. Bado nyeupe. Nilikaa hapo kidogo.

Ngazi ya mwisho nimeiruka. Kuhani wa hekalu akaniambia, "Mama, umesahau hii." Nikamjibu, "Sijasahau. Hiyo ina mwenyewe, yuko Maskati." Wengine wataipaka, najua. Lakini katika nadhiri yetu bado ni kavu.

Kushuka nilishuka kwa gari, kwa barabara ya nyuma. Manjano yaliyobaki nimeyafunga kwenye leso ya baba yako, nikayarudisha ndani ya ndoo. Ndoo iko mlangoni.

Mama yako