Koti la Yichun Nyingine

Jumamosi, Downsview. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi.

Wapendwa wangu, habari za siku? Mmeamkaje huko mliko, miili inawasikiliza? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila leo nina aibu kidogo.

Binti yangu wa kwanza, Nsimire, anasomea udaktari China, mji unaitwa Yichun. Sisi tulipoletwa huku Kanada, yeye alikuwa ameshavuka umri wa kuwa kwenye faili yangu ya ukimbizi. Nilimwacha Kigoma na begi moja. Nafasi ya masomo aliipata baadaye.

Mpaka leo sijazoea.

Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwenye bohari, nafungua simu natazama hali ya hewa ya Yichun. Baridi kali kushinda hata ya hapa! Napiga magoti: Bwana, mkinge mtoto wangu na theluji ile. Kisha namwandikia, vaa soksi mbili. Yeye hujibu tu, "Sawa Mama." Mwezi wa tatu nikamnunulia koti zito la kufika magotini, nikalituma kwa meli.

Jana limefika. Akanipigia kwa video amelivaa, jasho linamtiririka.

"Mama, umenitumia koti la kwendea mwezini? Huku tunalala na feni!"

"Si kuna theluji, wewe?"

"Theluji gani? Nimeiona mara moja, ikayeyuka kabla sijaipiga picha."

Tukatafuta pamoja. Kumbe Yichun ziko mbili! Kwa herufi zetu zinaandikwa sawasawa, kwa Kichina kila moja ina alama yake. Ya kwake iko kusini. Ile ya simu yangu iko kaskazini kabisa, kule kunakoelekea Urusi. Kati ya miji hiyo ni kama kilomita elfu mbili na mia tano, saa tatu na nusu hivi angani kama ndege inanyoosha. Na sisi hatukuona inayonyoosha. Unashuka njiani, unangoja nyingine, siku inakwisha.

Tulicheka sana. Halafu akaniuliza.

"Kwa hiyo Mama, miaka miwili yote hii ulikuwa unaniona niko wapi?"



Nimesoma mpaka la sita na ramani zinanishinda, lakini hiyo si sababu. Sikuwahi kumuuliza. Niliogopa akinieleza maisha yake, nitasikia jinsi alivyozoea kuishi bila mimi.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nielezee sasa. Anzia mlangoni." Akanieleza saa nzima: ngazi, jirani anayekaanga pilipili mpaka jengo zima linapiga chafya, na mji mdogo wa karibu ambako maji ya moto yanatoka ardhini na wazee wanakaa wametumbukiza miguu, wanapiga soga.

Koti amekataa kumpa mtu. Amelikunja, amelifanya mto.

Leo asubuhi nimepiga magoti, nikakwama. Maombi yale ya baridi yalikwenda kwa nani? Mungu hachanganyi miji, hilo sina shaka. Lakini nawaza, labda kule kaskazini kuna mtoto wa mtu aliyepata joto asilojua limetoka wapi. Sitaki kumwacha njiani. Mji wake sijaufuta kwenye simu. Wa Nsimire nimeuweka juu yake.

Kama wewe unayesoma una mtoto kwenye ile Yichun ya baridi, tafadhali nijibu upesi, uniambie anaitwa nani. Nimemwombea miaka miwili bila jina.