Rimu ya Mbele Kushoto

Jumatatu, 1 Julai

Nimesafisha magari manne kabla ya saa sita. Ndoo mbili tu. Leo ni siku ya tisa bomba halijatoa maji, Newala nzima inabeba madumu. Kimoyomoyo nashukuru, halafu najionea aibu. Maji yangekuwa yanatoka kila siku, nani angeniletea gari lake nilifute kwa nusu ndoo?

Gari la tatu lilitoka mashambani Makote, njano tupu kwa salfa ya mikorosho. Salfa hainisumbui. Nachanganya kifuniko kimoja cha dawa ya kuoshea magari kwenye maji, napulizia, nasubiri, nafuta kwa taulo, nakunja upande safi, nafuta tena. Hakuna kusuuza. Kazi iko kwenye magurudumu. Vumbi la breki ni jeusi, linanata, lina chembe za chuma. Ukilifuta kwa taulo la bodi umeshachora rangi ya mtu. Ndiyo maana magurudumu yana ndoo yake, na matambara yake nimeyashona uzi mweusi pembeni.

Baridi kali. Ukungu haukuondoka hadi saa nne. Vidole ganzi.

Mwaka mmoja na miezi saba sasa tangu mke wangu ahamishiwe Lupaso, huko chini upande wa Masasi. Salome ni muuguzi wa macho. Aliondoka na Tumaini, binti yetu, maana mimi na hizi ndoo ningemlea vipi. Nimekula ugali wa mchana nimesimama. Kukaa mezani peke yangu kumenishinda.

Alhamisi, 4 Julai

Siku yangu. Alhamisi gari la mradi wa macho hupanda kutoka Masasi kuleta dawa kwenye kliniki ya hapa, na Mzee Chilumba, dereva, huniachia nilisafishe wakati yeye anakunywa chai. Usiku wa kuamkia Alhamisi gari hilo hulala Lupaso, uwanjani kwa Salome.

Mzee kaleta mfuko wa karanga na karatasi ya Tumaini. Kachora nyumba, mtu mrefu na ndoo. Ndoo ni kubwa kuliko mtu. Salome kaandika nyuma: "Tunaendelea vizuri. Vaa sweta." Maneno hayo tu. Nimeyasoma mara sita.

Magurudumu nayaacha ya mwisho. Nitaandika ukweli, hapa hasomi mtu. Napiga magoti, napitisha brashi ndogo kati ya nati, naona udongo wa Lupaso umekauka ndani ya rimu, naufuta polepole. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa. Najua ni ujinga.

Nimemrudishia Salome mihogo mikavu na daftari mbili za mtoto.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepiga simu saa moja jioni. Mtandao mbovu. Nimeuliza habari za uhamisho, kama wameshajibu maombi yake ya kurudi Newala. Kasema, "Bado, Baba Tumaini." Nikamwambia tuvumilie. Kasema haya.

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazama pembeni. Sijui kwa nini naandika hivyo. Simu haina macho.

Jumapili, 7 Julai

Nimeenda Mkunya kumsalimia mama. Kaka na shemeji wanapuliza mikorosho, nimewasaidia mpaka saa saba. Mama kauliza mkwe wake anarudi lini. Nikasema karibu. Kasema mwaka jana pia nilisema karibu. Nikamuuliza yeye angependa nifanye nini. Kasema, "Mimi ninaye kaka yako hapa. Wewe una nani kule mjini?"

Nimerudi kwa miguu hadi barabarani.

Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya.

Mzee Chilumba alifika saa tatu. Shikamoo, marahaba, kama kawaida. Akakaa na chai yake. Nikasema, kwa kuzungumza tu, kwamba hawa wakubwa wa mradi wanachelewesha barua ya uhamisho wa Salome. Mzee akanitazama. Akasema, "Barua si ilitoka mwezi wa tano? Alikataa. Akasema anabaki Lupaso." Kisha akaona uso wangu. "Nilidhani unajua, mwanangu."

Nikasema najua, nilikuwa nimesahau. Uongo wa kitoto.

Miezi miwili ananiambia bado, na mimi nampelekea mihogo.

Nilifanya kazi kama mwehu. Nilichukua tambara la magurudumu nikafutia mlango. Mchirizo mrefu kwenye rangi, kama ukucha wa paka. Mzee hakuuona.

Halafu rimu ya mbele kushoto. Gari lilikuwa limesimama zaidi ya nusu saa. Rimu tatu baridi kama jiwe. Ile moja niliigusa nikarudisha mkono. Inaunguza. Na ukitoka Masasi ni kupanda, breki hazikanyagwi sana. Vumbi lake lilikuwa mara mbili ya zile nyingine, na ndani yake vichembe vinavyometa. Chuma kinakula chuma. Miaka sita nafuta magurudumu, najua maana yake. Breki imeng'ang'ania, pedi imekwisha.

Sikusema.

Niliifuta ikang'aa. Nilikuwa nimewakasirikia wote: Salome, yeye aliyenipa habari, gari lenyewe. Mzee akanishukuru, akaondoka kuteremka Masasi.

Nimekaa na hilo tangu mchana.

Ijumaa, 12 Julai. Asubuhi

Nimempigia Mzee Chilumba saa kumi na mbili. Hapatikani. Saa moja, hapatikani. Najiambia angepata ajali tungeshasikia. Najiambia pia kwamba kule mlimani gari likitumbukia kwenye kona hakuna anayeliona upesi.

Saa mbili ujumbe wa Salome. Nanakili ulivyo: "Kesho tunapanda na gari la Mzee. Mimi na Tumaini. Kuna jambo nataka kukuambia mwenyewe, nimechoka kulificha."

Kwa hiyo Mzee alifika salama. Na kesho atawapakia wangu, gari lilelile. Na Jumapili atateremka nao.

Nimempigia Salome. Inaita, hapokei. Atakuwa na wagonjwa, simu anaiacha kwenye mkoba. Nimeandika ujumbe: msipande gari hilo, breki mbovu. Haujafika.

Nimeacha magari mawili ya watu yamekauka na dawa. Nimempata mwenye bodaboda. Naondoka.

Jumamosi, 13 Julai. Lupaso

Naandika kwenye baraza ya nyumba ya mke wangu. Niandike kwa utaratibu.

Nilijua Mzee alifika, lakini mlimani jana nilitazama kila kona, bondeni, nikitafuta gari lake jeupe. Hakuna kitu. Masasi tulifika karibu saa sita. Gari liko uwanjani kwa ofisi ya mradi, Mzee pembeni yake anakula chungwa. Nilishuka nikamkimbilia. Nikamwambia asiwashe gari. Nikamweleza gurudumu.

Fundi aliitwa, jeki ikawekwa, tairi likatoka. Pedi haikuwepo, bati tupu. Diski ina mifereji ya kutia kucha. Mpira wa mafuta ya breki umepasuka nusu kwa joto. Fundi alisema mlima mmoja tena usingevumilia. Mzee akasema gari lilikuwa linavutia kushoto, akadhani ni upepo.

Akaniuliza nimejuaje.

Ningeweza kusema niliota. Nilisema kweli. Nililiona jana, nikanyamaza kwa sababu ya hasira.

Mzee alifunga kisu chake cha chungwa, akakiweka mfukoni. Akasema, "Uliniacha niteremke." Basi. Hakuinua sauti. Nilimwambia anisamehe, akasema niende kwanza kwa mke wangu, mengine baadaye. Yeye hakuja nami. Alibaki na fundi.

Lupaso nilifika saa tisa. Watu wamejaa kwenye benchi, wengi wazee, jicho moja limefungwa pamba nyeupe. Salome alikuwa anamtoa bibi mmoja bandeji. Nilisimama mlangoni. Bibi alifumbua jicho, akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, muda mrefu. Kisha akamshika Salome shavu, akasema, "Kumbe ndiye wewe." Salome alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho.

Tulizungumza jioni, Tumaini akiwa kwa jirani. Sikupiga kelele kama nilivyopanga. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia habari za barua.

"Niliogopa," akasema. "Ungesema rudi, ningerudi. Sikutaka kurudi."

Nikauliza kama hataki kurudi kwangu.

"Kwako nataka kila siku. Newala nilikuwa napanga mafaili, Baba Tumaini. Hapa wananingoja mimi."

Akasema pia kwamba kila Alhamisi jioni Mzee akirudi na gari safi, hutoka kuliangalia kabla halijashika vumbi. Hilo sikulitegemea. Nikageuza uso.

Nikamweleza gurudumu. Lote, na kunyamaza kwangu. Akasema, "Ningekuwa mimi ndani?" Nikasema sikujua kama angekuwemo. Akasema, "Na Mzee je, hana mkewe?"



Alhamisi, 18 Julai. Newala

Gari la macho limepita. Halikusimama. Nimeliona likiingia kliniki na likitoka, magurudumu meusi.

Nimestahili.

Alhamisi, 25 Julai

Leo kasimama. Hakuagiza chai. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimwonyesha mchirizo mlangoni, nikamwambia ni mimi. Akasema keshauona. Nikasafisha gari kimya, magurudumu yote manne, yote baridi. Aliponisogezea ndoo akasema, "Siku nyingine useme, hata kama umenikasirikia. Nikasirikie huku umesema." Nikasema ndiyo, baba.

Karanga hakuna. Barua ipo. Salome anauliza tu: tufanyeje?

Jumatatu, 29 Julai

Nimepiga hesabu za moyo wangu siku nne. Lupaso maji yapo. Kisima cha pampu karibu na shule, nilimwona kijana analimwagia gari lake dumu baada ya dumu bila huruma. Kule hakuna atakayehitaji mtu wa nusu ndoo. Hapa nina jina, nina wateja, nina nyumba niliyoipaua mwenyewe. Kule nitakuwa mume wa muuguzi.

Nimemwambia mama. Kasema angalau Tumaini atamjua baba yake bila kuchora.

Naenda.

Jumapili, 18 Agosti. Lupaso

Wiki ya pili hapa. Watu wamenicheka kidogo: mtu ana kisima jirani, yeye anafuta gari kwa kitambaa. Nimepata kazi ya magari mawili ya mradi, hayo tu kwa sasa. Mzee Chilumba kaniomba nikague breki kila Jumatano kabla gari halijapanda. Kasema mbele ya watu. Nafanya hivyo, tairi kwa tairi, namsomea kila moja.

Mwezi wa kumi nitapanda Mkunya kuokota korosho na kaka. Tumekubaliana.

Leo joto tangu asubuhi. Tumaini kalala juu ya mkeka. Nimekula mezani, tulikuwa watatu, nilikula sana. Nilidhani nikifika hapa hamu itakwisha. Imekwisha ya watu. Imekuja nyingine. Nautamani ukungu wa kule, ile baridi ya saa moja asubuhi, sauti ya madumu matupu yakigongana njiani. Sikuwahi kuvipenda nilipokuwa navyo.

Nimetoa kiti nje, nimekigeuza mashariki. Salome kaniuliza naangalia nini. Nimemwambia upande wa Newala.

Kaenda ndani. Nikadhani kakasirika. Karudi na kiti chake, kakiweka karibu na changu, kakaa. Tumetazama huko mpaka mtoto alipoamka.