Maelezo Kuhusu Mguu wa Johari, Farasi wa Harusi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mwatum Silima Shaame. Umri: miaka 54. Kazi: mkulima wa mwani. Makazi: Wambaa.
Yameandikwa tarehe 15 Juni 2025, saa 2:10 asubuhi.

Ninamuuguza farasi jike aitwaye Johari, mali ya Bw. Marhoun, anayewapandisha mabwana harusi juu yake. Mnamo tarehe 3 Februari Johari alikanyaga shimo, akaumia kano ya mguu wa mbele wa kushoto. Dk. Radhiya, daktari wa mifugo kutoka Wete, alimtoa damu, akaizungusha kwenye mashine, na sehemu inayoponya akamrudishia kwa sindano kwenye kano ile ile. Akaamuru apumzike, kisha atembezwe taratibu baharini, na asipandwe na mtu mpaka Agosti.

Kazi ya bahari nilipewa mimi kwa sababu majini nimo kila siku na mwani wangu. Sikusomea. Nilimuuliza daktari mpaka akachoka. Yaliyobaki nilimuuliza farasi. Tulianza na dakika tano, maji ya tumboni mwake. Mwezi huu tulifika ishirini.

Tarehe 11 Juni, saa 1:00 asubuhi, Bw. Marhoun alikuja pwani, akasimama mchangani na viatu vyake, akampiga video Johari akiwa majini.

"Bi Mwatum, mbona huyu mzima?"

Nikamwambia, "Majini hata mimi sina goti bovu. Msubiri atoke."

Hakusubiri. Video ile ilizunguka kijiji kizima kabla sijakausha kanga.

Jana tarehe 14, kati ya saa 7:00 na saa 8:00 mchana, maji yametoka, nikiwa nafunga mwani, nilisikia matari ya harusi. Sikushughulika. Kisha matari yakakatika ghafla, na harusi haikatiki hivyo. Nilitoka mbio.

Nilimkuta Johari njiani, amesimama kwa miguu mitatu, asumini shingoni. Bwana harusi, Ashraf, ambaye sina ugomvi naye isipokuwa uzito wake, alikuwa ameshuka na anamfuta jasho kwa kilemba chake. Aliniambia farasi alichomwa sindano ya maumivu asubuhi ile, na alikwenda vizuri mpaka kwenye kona.

Bw. Marhoun alisema mbele ya watu, "Dawa zako za maji zimeshindwa, Bi Mwatum."

Nilimjibu, "Hazikushindwa. Umezikatiza." Mengine niliyomwambia siyarudii hapa, nina udhu.

Niliushika mguu. Ulikuwa moto na umevimba. Lakini kifundo hakijazama chini, na daktari alinifundisha kwamba kano ikikatika kifundo huzama. Kwa hiyo haijakatika.

Leo asubuhi Bw. Marhoun amefika hapa kituoni kuomba askari mwenye bunduki akammalize Johari, na ameandikisha kuwa mimi ndiye niliyemlemaza. Mimi nimemtembeza miezi mitatu, na Ramadhani ndani yake. Yeye amempandisha mtu siku moja. Naomba bunduki isitoke mpaka Dk. Radhiya auone mguu ule. Yuko njiani.

Niliyoyaona na niliyoyashika kwa mkono wangu ni hayo.

Sahihi: M. S. Shaame

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Ombi la silaha linasubiri daktari. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda. Amekaa kwenye benchi, mbele ya mlango wa ghala la silaha, na hajaondoka.

Koplo Talib