Makochi Aliyoyachagua Wifi

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, mtoto kaota meno. Jana shemeji yako alileta makochi ya kijani. Mishahara yetu tunaitia mfuko mmoja, lakini aliyeyachagua ni wifi.

“Dada anajua vitu vizuri,” shemeji yako akaniambia.

Friji, mapazia, hata jina la mtoto, dadake huulizwa kwanza, mimi napewa taarifa tu. Ningemwonea wivu hawara, ungenielewa. Kumwonea wivu wifi naona haya hata kukuandikia. Nikawaambia wapagazi walioyaleta wayarudishe dukani.

Mume wangu alinitazama sana, kisha akauliza taratibu, “Kwani wewe unapenda rangi gani?”

Dada, nililia. Hajawahi kuniuliza, na jibu sikuwa nalo.

Nisalimie mama, ila haya usimwambie.

Mdogo wako