Mkoromo Uliosikika Matangani

Kaka Bakari,

Tulikuzika Tongoni baada ya Alasiri, ubavuni mwa baba. Wateja wako wa Ngamiani walikuja wamevaa kanzu ulizowashonea. Naanza na hilo kwa sababu kazi ya habari imenizoesha kuanza na lililo hakika.

Usiku ule wanaume tulilala barazani kwako, juu ya mikeka, kama ada ya matanga. Niliamshwa na mkono wa Mjomba Athumani. Wenzangu wote walikuwa wamekaa, wananitazama. Mmoja alikuwa akisoma Ayatul Kursi.

"Kumbe ni wewe?" mjomba akasema. "Subhanallah. Tumemsikia Bakari."

Walisikia mkoromo wako: unapanda, unakatika, kimya, kimya, kisha pumzi ya mtu aliyeibuka majini. Ulikuwa ukitoka kwangu.

Sisi huamini anayekoroma kashiba usingizi. Uliposinzia mchana juu ya cherehani, sindano ikakupitia kidole gumba, kijiwe kizima kilicheka: "Fundi kajishona mwenyewe!" Ukawajibu, "Nalala kama gogo mie, muulizeni mke wangu." Ikaja presha. Ikafuata sukari. Ukaacha chumvi, ukameza dawa, presha ikakataa kushuka. Hakuna aliyekuuliza unalalaje. Nawe ungejibu: vizuri sana. Kisha kiharusi.

Shemeji Mwanaidi yumo edani. Cherehani yako kaifunika kanga. Alimwambia mke wangu kwamba halali, nyumba imenyamaza mno. Kile kimya cha katikati ya mkoromo yeye alikijua miaka yote. Alikuwa akikupiga kiwiko hadi uvute pumzi. "Nilidhani anaota," alisema.

Nilikwenda kumuuliza daktari. Akaeleza kwamba koo hujibana usingizini, hewa hukatika, moyo hushtuka, na mwili huamka nusu bila mwenyewe kujua. Ikiwa hivyo usiku kucha, usiku baada ya usiku, presha hukosa muda wa kushuka, na mwili hushindwa kuitumia sukari vizuri. Nikamuuliza kama huko kukatika kwa hewa ndiko kulikokuua. Akasema hawezi kusema hivyo, kwa kuwa hukuwahi kupimwa usingizi. Nami siandiki zaidi ya hapo.

Kisha akanifunga kipimo cha presha mkononi. Alipomaliza, akahamia mkono wa pili. Akapima tena, kisha akaniambia yangu nayo iko juu.

Kaka, mke wangu sasa hulala akinisikiliza. Asubuhi hunitazama kwanza, kama mtu anayehakikisha. Juzi aliniambia, "Baba Zuhura, ulinyamaza tena. Nimekupiga kiwiko hadi mkono unaniuma." Mimi nilikuwa nimeamka nikijiona nimelala vizuri.

Ile kanzu yako ya mwisho, uliyonishonea kwa Idi, mshono wa shingo umepinda. Nilidhani macho yako yamechoka. Sasa najua pale ndipo ulipopitiwa na usingizi. Shemeji alitaka ipelekwe kwa fundi mwingine irekebishwe. Nimekataa.

Jumatatu nitaivaa nipande basi kwenda Dar es Salaam kupimwa usingizi. Wataniwekea vifaa, wasikilize pale ninaponyamaza. Wakinipa dawa nitameza, wakinipa mashine ya kunisaidia kupumua nitalala nayo, kijiwe na kicheke.

Pumzika, kaka. Nakuombea dua kila Ijumaa. Na nakuahidi: kimya hicho sitakiita usingizi tena.

Mdogo wako,
Hamisi