Glavu Iliyokataa Kuachia Tonge

Jumatano, baada ya alasiri. Hapa Amu, kisiwani Lamu, leo joto ni la kufa mtu, na mimi siwezi kutulia. Nimeketi, nimeinuka, nimetoka barazani nimerudi. Kompyuta iko wazi na sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Basi naandika haya.

Ijumaa kuna harusi ya binamu yangu, huko Shela. Tangu kiharusi kimpooze mama mkono wa kulia hajatia mguu kwenye karamu yoyote. Kwenye sinia la wanawake hakuna anayekula kwa kushoto, na yeye hayuko tayari kuwa wa kwanza. Nyumbani anakula kwa kijiko, peke yake chumbani. Akialikwa husema tumbo lake siku hizi halitaki pilau. Mama yangu, akatae pilau!

Ndiyo maana mimi bintiye nikamtengenezea glavu, roboti ndogo ya kuvaa. Ndani yake zimepita nyaya nyembamba za madini yanayokumbuka umbo. Nikizipitishia umeme zinapata moto, zinafupika, na vidole vinafumba tonge. Zikipoa zinalegea, vidole vinafumbuka. Shida ni kuzitawala: kuzipasha moto ni rahisi, lakini kupoa zinapoa zinapotaka zenyewe. Nikazipangia sekunde mbili za umeme na nne za kupoa, na wiki nzima zimenitii.

Leo nikamwita halati Rukia, dadake mama, aje aone. Akapika pilau, sinia likatua likifuka moshi. Mama akavaa glavu, akasema bismillahi, akafumba tonge zuri kabisa, akalifikisha mdomoni.

Vidole havikufumbuka.

Nikazima umeme wote, wapi! Moto wa pilau ulikuwa umeingia kwenye nyaya, na programu yangu inahesabu sekunde tu, habari ya joto haina. Na niseme ukweli, wiki nzima nilikuwa nafanyia majaribio kiporo, chini ya feni, kwa uvivu wa kupasha wali. Nikamvua glavu mbio mbio, maana vidole vile havisikii moto vizuri. Vilikuwa vyekundu, ila havikubabuka, alhamdulillahi.

Halati hakungoja maelezo yangu. Alimega tonge jingine, akampulizia, akamtia mdomoni, huku anaendelea na umbea wake wa maharusi. Mama akala. Akala mpaka akashiba, wala sikumwona akiona haya.

Mimi bado naeleza. Nitatia kihisi cha joto, nitapima ukinzani wa waya wenyewe ili programu ijue umepoa au bado. Mama akanikatiza.

"Ijumaa utaketi nami kwenye sinia, unilishe."

Nikamwambia glavu itakuwa tayari.

"Sikukuuliza glavu."

Tangu apooze sijawahi kumlisha hata tonge moja. Mdomo wake ulipopinda niliogopa kuutazama kwa karibu. Nikakimbilia nyaya, nikajiambia haya ndiyo mapenzi. Mapenzi yamo, sikatai. Na woga umo, tena mwingi.

Halati keshaenda zake. Kihisi ninacho hapa mezani, na kukifunga ni kazi ya saa moja. Mama yuko chumba cha pili, na mpaka sasa sijamjibu.

Nafunga kompyuta. Naenda kumwambia ndiyo, kabla sijapata kisingizio kingine.